Rika, Kipande na Kitambulisho: Historia ya Kuhesabu Umri wa Binadamu katika Bahati

Utangulizi

Binadamu wote huzaliwa, hukua, hukomaa, huzeeka na kufa. Katika jambo hilo hapana tofauti baina ya mtu wa Bahati na mtu wa London. Meno ya utotoni hung'oka, sauti ya mvulana huwa nzito, kichwa huingia mvi, na hakuna taifa lililopata kuyakwepa hayo. Lakini ni lini mtoto huacha kuwa mtoto? Ni lini kijana huhesabiwa kuwa mtu mzima, na mtu mzima kuwa mzee? Maswali hayo hayajibiwi na mwili peke yake. Hujibiwa na jamii, na jamii huyajibu kwa maneno. Kwa hiyo historia ya makuzi ya binadamu ni sehemu ya historia ya lugha, na mwanafunzi wa lugha ana haki ya kuingia katika uwanja huu ambao aghalabu huachiwa madaktari na wanasaikolojia.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi umri ulivyohesabiwa katika Bahati, Nakuru, tangu mwanzo wa karne ya ishirini hadi leo. Tumeichagua Bahati kwa kuwa hapo zilikutana hesabu tatu. Ya kwanza ni hesabu ya rika, ambayo watu walikuja nayo kutoka makwao. Ya pili ni hesabu ya mwajiri na serikali ya kikoloni, iliyoandikwa katika kipande. Ya tatu ni hesabu ya taifa huru, iliyoandikwa katika cheti cha shule na kitambulisho. Hoja yetu ni kwamba kila hesabu ilikuwa na msamiati wake, na kwamba aliyekuwa na mamlaka ya kumtaja mtu kuwa mtoto au mtu mzima alikuwa pia na mamlaka juu ya kazi yake, mifugo yake, ardhi yake na heshima yake.

Bahati na wakazi wake

Bahati iko kaskazini-mashariki ya mji wa Nakuru, kwenye barabara iendayo Subukia na Nyahururu. Magharibi yake uko mlima Menengai wenye shimo kubwa la volkano, na upande wa pili nchi inapanda kuelekea msitu na Dundori. Kabla ya ukoloni nyanda hizi za Bonde la Ufa zilikuwa malisho ya Wamaasai. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Kwa mapatano ya 1904 Wamaasai walihamishwa wakaenda Laikipia na kusini, na kwa yale ya 1911 hata Laikipia wakaondolewa. Ardhi ikagawiwa walowezi, na walowezi wakahitaji wafanyakazi.

Waliokuja kwa wingi walikuwa Wagikuyu, wengi wao wakitafuta mahali pa kulishia mifugo na kulima. Hawa waliitwa maskwota. Hali kadhalika walikuwapo Wakalenjin na watu wa makabila mengine katika mashamba ya wilaya ile. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kupokelea amri shambani, ingawa kilikuwa Kiswahili cha namna ya peke yake, ambacho watu walikiita Kisetla. Kila jamii iliendelea kutumia lugha yake nyumbani. Hivyo mtu mmoja aliweza kuwa mzee anayestahiwa penye moto wa nyumba yake jioni, na asubuhi akaitwa boi mbele ya ghala la Mzungu. Jambo hili ndilo kiini cha habari yetu.

Hesabu ya rika

Neno rika lina ndugu yake katika Kigikuyu, riika, na maana zao zinakaribiana: watu waliokua pamoja. Lakini katika Kigikuyu riika lilikuwa zaidi ya kulingana kwa umri. Lilikuwa kundi la watu waliotahiriwa pamoja, nalo lilipewa jina la tukio la wakati ule. Mtu hakuulizwa ana miaka mingapi. Aliulizwa ni wa riika gani, na jibu lilionyesha mara moja nani amwamkie mwenzake kwanza. Vijana waliotahiriwa mwaka 1940 au karibu na hapo waliitwa wa Forty, na jina hilo likapata umaarufu katika siasa za Nairobi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wakalenjin nao walikuwa na ibinda, ambazo majina yake huzunguka na kurudi baada ya vizazi vingi: kwa Wanandi ni Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige na Nyongi. Kwa Wamaasai layoni alikuwa bado mvulana, na morani alikuwa amekwisha vuka.

Inafaa tuyatazame kwa makini majina ya hatua za maisha katika Kigikuyu, maana ngeli zake zina mafunzo. Mvulana mdogo huitwa kahii, naye yumo katika ngeli ya ka-, ngeli ya vitu vidogo. Akiisha kuwa mkubwa lakini hajatahiriwa huitwa kihii, katika ngeli ya ki-, na neno hili lina dharau ndani yake. Akitahiriwa huwa mwanake, na baada ya kuoa huwa muthuri. Kwa upande wa wasichana, karigu huwa kirigu, kisha muiritu, kisha mutumia. Yaani mtu huanza katika ngeli ya vidogo, hupita katika ngeli ya vitu, na jamii inapomkubali ndipo huingia katika ngeli ya watu. Ni kweli kwamba neno mwana nalo limo katika ngeli ya watu, lakini hilo hutaja uhusiano wa mtoto na mzazi wake kuliko kutaja hatua ya makuzi.

Kiswahili hakifuati utaratibu huo sawasawa, kwani mtoto na mvulana wamo katika ngeli ya watu tangu awali. Hata hivyo Kiswahili kina falsafa yake. Mtoto aliyezaliwa karibuni ni mchanga, kama embe lisilopevuka. Kijana hupevuka na mtu hukomaa, kama ndizi na mahindi. Na aliyefika utu uzima ni mtu mzima, yaani mtu kamili, asiyepungukiwa na sehemu yake yoyote. Kisha katika mwisho wa maisha ngeli ya ki- hurudi: kizee, kikongwe. Msemaji wa Kiswahili anayatazama maisha kama zao la shambani ambalo hutoka katika uchanga, likafika ukamilifu, likanyauka.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichochapishwa mwaka 1938, alieleza kwamba utu uzima wa Mgikuyu haukuisha kwa tohara wala kwa ndoa. Mwanamume aliyeoa aliingia katika daraja ya kwanza ya wazee, iitwayo kamatimu, kwa kutoa mbuzi. Alipopata mtoto aliyefikia umri wa kutahiriwa, alitoa mbuzi tena akapanda daraja ya pili. Juu yake ilikuwapo daraja nyingine ya wale walioachiwa ibada na hukumu nzito. Hapa pana jambo kubwa. Baba hakuweza kupanda mpaka mtoto wake apande. Makuzi ya mtu mmoja yalifungamana na makuzi ya mwingine, kama ngazi ambayo anayeipanda anashikwa mkono na aliye juu na kusukumwa na aliye chini.

Wanasaikolojia wa Ulaya na Marekani walifikia wazo linalokaribiana na hilo baadaye. Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliyagawa maisha katika hatua nane tangu uchanga hadi uzee, akasema kwamba mtu wa makamo asiyelea kizazi kinachomfuata hudumaa nafsi yake. Na A. Bame Nsamenang wa Kameruni, mwaka 1992, alisisitiza kwamba katika fikira za Kiafrika mtu hukua kwa kupewa majukumu na wenzake, wala si kwa kupitiwa na miaka tu. Wazee wa Kamatimu wasingeona ajabu kusikia hayo.

Mbuzi na utu uzima

Tukilielewa jambo hilo tutaweza kuyasoma upya matukio ya mashambani. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa, kulima na kulisha. Katika miaka ya 1920 walowezi walianza kupunguza mifugo ya maskwota kwa nguvu, na maskwota wenyewe wakaliita jambo hilo kifagio, kwa kuwa liliwafagilia mbali mbuzi, kondoo na ng'ombe wao. Sheria ya 1937 ikayapa mabaraza ya walowezi mamlaka ya kuzidisha siku za kazi na kuweka kikomo cha mifugo na mashamba.

Wanahistoria wameeleza vizuri hasara ya kiuchumi iliyotokana na hayo. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 juu ya maskwota, ameonyesha jinsi manung'uniko hayo yalivyokuwa mizizi ya Mau Mau. Sisi tunapenda kuongeza jambo moja tu. Mbuzi hakuwa mali peke yake. Mbuzi alikuwa hatua ya maisha. Kwa mbuzi kijana alilipa mahari akaoa. Kwa mbuzi aliyeoa aliingia katika baraza. Kwa mbuzi mwenye mtoto mkubwa alipanda tena. Aliyefagiliwa mbuzi wake alifagiliwa na njia yake ya kukua. Skwota mwenye miaka arobaini asiyeweza kutoa mbuzi alibaki amesimama mahali pamoja katika ngazi, na mwanawe nyuma yake hana pa kuweka mguu. Mwili ulizeeka, lakini hadhi haikusogea. Hapo ndipo twaweza kufahamu kwa nini hasira za wazee na za vijana wa mashambani ziliungana, ingawa kwa desturi rika hizi mbili zilikuwa na mivutano yake.

Kipande, boi na toto

Hesabu ya pili ilikuwa ya kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alitakiwa kuwa na hati yenye alama za vidole na habari za kazi zake, naye aliivaa shingoni katika kikasha cha chuma. Lakini wengi wa wanaume hao hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa popote. Miaka 16 ilipimwa kwa jicho. Mvulana mwenye mwili mkubwa aliweza kuandikwa mtu mzima ilhali nyumbani bado ni kihii. Na kijana mwembamba aliyekwisha tahiriwa aliweza kurudishwa akaambiwa angali mtoto.

Pamoja na hati yalikuja maneno. Katika Kisetla mwanamume aliyetumika nyumbani kwa Mzungu aliitwa boi, awe na miaka ishirini au sitini. Neno lenyewe ni la Kiingereza, lenye maana ya mvulana. Lilipoingia katika Kiswahili lilipoteza maana ya umri likabaki na maana ya utumishi, na kwa Mwingereza aliyelitamka maana zote mbili zilikuwapo kwa pamoja. Mtoto aliyemsaidia mpishi aliitwa toto, na watoto waliochuma pareto waliitwa vivyo hivyo. Tazama jinsi neno mtoto lilivyonyang'anywa kiambishi chake cha m-, kiambishi cha watu. Katika Kiswahili sanifu toto limo katika ngeli ya li- na ya-, nalo lina maana ya mtoto mkubwa kupita kiasi. Walowezi hawakujua sarufi hiyo, lakini walisema kweli bila kukusudia: mtoto aliyefanya kazi ya mtu mzima alikuwa toto kweli kweli, mtoto aliyepitishwa kiasi chake.

Hivyo hesabu ya kipande ilikuwa na kinyume ndani yake. Iliwafanya watoto kuwa watu wazima palipohitajika mikono, na ikawafanya watu wazima kuwa watoto palipodaiwa haki.

Wataalamu waliopima ubongo

Dharau hiyo haikukaa mashambani tu. Ilitafutiwa ushahidi wa kisayansi. Katika miaka ya 1930 Dakta H. L. Gordon, aliyehusika na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alidai kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa, na mwaka 1933 kikaundwa chama cha walowezi na madaktari cha kuchunguza mambo ya namna hiyo. F. W. Vint, mchunguzi wa maiti, alichapisha mwaka 1934 makala juu ya ubongo wa mwenyeji wa Kenya, akisema kwamba ubongo huo ni mwepesi na tabaka lake la juu ni jembamba kuliko la Mzungu. Maana waliyoitoa watu hao ilikuwa kwamba Mwafrika hukua upesi utotoni, kisha husimama, akabaki mtoto katika mwili wa mtu mzima. Kwa maneno mengine, walitaka kuandika neno boi ndani ya fuvu la kichwa.

J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari tangu 1938 hadi 1950, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya Kenya ikachapisha ripoti yake juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo uasi ulielezwa kuwa dalili ya nafsi zilizochanganyikiwa kwa mabadiliko. Kifagio, siku za kazi na ardhi havikupewa uzito uliostahili. Sayansi hiyo imekwisha kataliwa. Lakini yafaa ikumbukwe, maana inaonyesha hatari ya kuyasoma makuzi ya watu bila kusikiliza maneno ya watu wenyewe.

Kijana wa Bahati na shule

Mfano ulio wazi wa hesabu hizi kugongana ni maisha ya Josiah Mwangi Kariuki. Alizaliwa mwaka 1929 Kabati-ini, katika eneo hili hili la Bahati, mtoto wa maskwota. Alisoma vipande vipande, akaacha shule na kufanya kazi katika shamba la Mzungu. Mwaka 1946 alibahatika kushinda fedha katika mashindano ya farasi, naye akazitumia kurudi shuleni, akamaliza masomo ya msingi na kuendelea na sekondari katika King's College Budo, Uganda. Alipokuwa akimaliza darasa za msingi alikuwa na umri ambao kwa hesabu ya kipande alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Kwa hesabu ya shule bado alikuwa mtoto. Alikamatwa mwaka 1953 na kuwekwa kizuizini hadi 1960, na kitabu chake juu ya miaka hiyo kilitoka mwaka 1963. Baada ya uhuru akawa mbunge, na mwaka 1975 aliuawa.

Kariuki hakuwa peke yake. Kwa maelfu ya watoto wa maskwota shule haikuanza katika miaka sita au saba. Ilianza fedha zilipopatikana.

Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, hesabu ya umri ikawa jambo la uhai. Wagikuyu wa Bonde la Ufa walitakiwa wachukue kipande kipya chenye picha. Wengi walikataa, na maelfu kwa maelfu wakarudishwa katika hifadhi zao za Kati. Vijana waliokamatwa walitenganishwa na watu wazima kwa kukadiriwa umri. Mwaka 1955 ilifunguliwa kambi ya vijana ya Wamumu, iliyopokea wavulana kutoka kambi kubwa ya Manyani. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Geoffrey Griffin, ambaye mwaka 1959 alishiriki kuanzisha Starehe, Nairobi. Paul Ocobock, katika kitabu chake cha 2017 juu ya uanaume katika Kenya, ameonyesha kwamba katika kambi ya namna hiyo serikali ilijaribu kushika nafasi ya mzee: kuamua nani ni mvulana, kumtia adabu, na kumtoa akiwa mwanamume. Serikali ile ile iliyowaita baba boi ilitaka sasa kuwavusha wana wao.

Utafiti uliosikiliza maneno

Karibu na uhuru na baada yake uchunguzi wa makuzi ulichukua njia nyingine. Mary Ainsworth alikaa Uganda katika 1954 na 1955, akitembelea nyumba za mama na watoto wachanga katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1967. Aliona jinsi mtoto anavyomtumia mama yake kama kituo cha kutokea kwenda kuutazama ulimwengu na kukirudia anapoogopa. Nadharia inayofundishwa leo kote duniani juu ya pendo la mtoto na mlezi wake ilipata msingi wake katika nyumba za Waganda, kabla haijapimwa Marekani.

Katika Kenya, John na Beatrice Whiting walianzisha katika miaka ya 1960 kitengo cha utafiti wa makuzi ya mtoto kilichohusiana na chuo kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wake walifanya kazi Ngecha, Kiambu, na kwingineko. Miongoni mwao, Charles Super na Sara Harkness walikaa na Wakipsigis wa Kokwet, katika Bonde la Ufa, tangu 1972 hadi 1975. Super alitaka kujua kwa nini watoto wachanga wa Kiafrika walisemekana kukaa na kutembea mapema, jambo ambalo wenye dharau walilitumia kudai kwamba Mwafrika hukua upesi kama mnyama. Alichokiona ni rahisi, na kwa wanafunzi wa lugha ni cha thamani. Mama wa Kokwet walikuwa na maneno maalumu ya kumfundisha mtoto kukaa na kutembea, nao walimfundisha hasa. Walichimba kijishimo ardhini wakamketisha mtoto humo na kumzungushia nguo zimwegemeze. Mtoto alikaa na kutembea kiasi cha mwezi mmoja kabla ya wenziwe wa Marekani. Lakini katika mambo ambayo mama hawakuyafundisha, kama kutambaa, hakuwatangulia. Kwa hiyo hayakuwa mambo ya damu. Yalikuwa mafunzo, na mafunzo yalikuwa na jina. Mswahili naye anapomwambia mtoto asimame dede, anafanya kazi ile ile.

Harkness na Super walijifunza pia neno ng'om, ambalo Wakipsigis hulitumia kwa mtoto mwenye akili. Lakini walisema mtoto aweza kuwa ng'om nyumbani: hutumwa akatumika, huona kazi akaifanya bila kuambiwa. Na aweza kuwa ng'om shuleni. Akili hizi mbili hazikuwa kitu kimoja. Laiti waliopima ubongo wangeuliza neno hilo miaka arobaini mapema.

Hesabu ya kitambulisho

Katika miaka ya 1960 na 1970 mashamba ya Bahati na ya jirani yalinunuliwa na Waafrika, wengi wakijiunga katika makampuni na vyama vya ununuzi wa ardhi. Mojawapo iliyojulikana sana Nakuru ni Ngwataniro. Mwenye hisa alikuwa mzazi. Wana walingoja kugawiwa, na sehemu zikapungua kizazi baada ya kizazi.

Pamoja na hayo ilikuja hesabu ya tatu. Sheria ya mwaka 1974 iliweka utu uzima katika miaka 18. Mpaka 1978 kitambulisho kilikuwa cha wanaume. Ndipo sheria ikabadilishwa ili wanawake nao waandikishwe. Tulitafakari jambo hilo. Kwa zaidi ya miaka hamsini mwanamke wa Bahati alifanya kazi, alizaa, alifukuzwa na kurudi, bila serikali kuona haja ya kuandika umri wake. Katika hesabu ya rika msichana alikuwa na hatua zake, ingawa moja ya hatua hizo, tohara ya wanawake, ilidhuru mwili wake. Tohara hiyo ilizua mgogoro mkubwa baina ya makanisa na Wagikuyu mwaka 1929, na sheria ya 2011 imeipiga marufuku. Kwa wavulana tohara imebaki, lakini sasa hufanywa hospitalini wakati wa likizo ya Desemba. Kwa miaka mingi iliwafuata waliomaliza mtihani wa darasa la nane, ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023. Kalenda ya shule imeshika mahali pa kalenda ya rika.

Katiba ya 2010 imekwenda mbali zaidi. Kwa mujibu wake mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kijana ni aliyetimiza 18 ambaye hajatimiza 35. Na aliyezidi 60 ni mzee anayestahili kutunzwa. Kwa hiyo mwanamume wa Bahati mwenye miaka 34, asiye na shamba wala kazi ya kudumu, ni kijana kwa Katiba. Babu yake akiwa na umri huo alikuwa muthuri, au alidai kuwa hivyo. Na mkongwe ambaye mwaka wa kuzaliwa kwake ulikadiriwa na karani hawezi kusahau kadirio hilo: tangu 2018 serikali huwalipa waliotimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Karani aliyekosea kwa miaka mitano nyuma amemnyima mzee huyo miaka mitano ya chakula. Jicho la mwandishi wa kipande bado linatazama.

Hitimisho

Mnamo Januari 2004, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure mwaka 2003, mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alikuwa na miaka 84. Magazeti ya dunia yalimtaja kama kioja. Kwa msomaji wa makala hii hakuwa kioja. Maruge alikuwa akidai hatua ambayo hesabu ya kipande ilimnyima, kama Kariuki alivyoidai akiwa kijana. Alifariki mwaka 2009.

Tumeona kwamba rika lilimhesabu mtu kwa wenzake, kipande kwa kazi yake, na kitambulisho kwa miaka yake. Hatuwezi kurudi katika hesabu ya kwanza, wala hatupendi kuyarudisha yote yaliyokuwamo. Lakini ilijua jambo moja ambalo hesabu nyingine mbili hazikulijua: kwamba mtu hakui peke yake, na kwamba anayemzuia kijana kuvuka amemzuia na mzee kupanda. Taifa linalomwacha mtu wa miaka 34 akisubiri lisishangae likimwona na baba yake amesimama pale pale.

Kazi iliyo mbele ya idara za lugha ni nyepesi kuitaja. Katika Bahati wapo bado wazee waliokua wakiitwa toto, wanaojua majina ya rika za baba zao, majina ya hatua za wasichana, na maneno waliyoambiwa walipofundishwa kukaa, kutembea na kutumwa. Maneno hayo na yakusanywe kwa Kigikuyu, Kikalenjin na Kiswahili, pamoja na maelezo ya wenyewe, kabla wenyewe hawajatutoka.